Mfereji Uliokataa Kuganda

Akitokea mtu akakueleza kwamba uko mji ambao wakazi wake huingoja baridi kama wakulima wetu wa Dodoma wanavyoingoja mvua, huenda ukadhani anakufanyia mzaha. Mimi nami nilidhani hivyo, hata nilipofika Ottawa, mji mkuu wa Kanada, mapema mwezi wa Februari mwaka 2024, kumtembelea dada yangu anayeishi huko na mumewe pamoja na mtoto wao mmoja.

Safari yenyewe niliiandaa kwa hofu. Nilikuwa nimekwisha kusikia habari za nyuzi ishirini chini ya sifuri, za ndevu zinazoganda na za pua zisizohisi kitu. Kwa hiyo nilizunguka katika mitumba ya Karume nikanunua makoti mawili, soksi za sufu jozi sita na kofia ya kufunika masikio. Nikashuka Ottawa nimevimba kama gunia la pamba. Shemeji yangu alikuja kunipokea uwanja wa ndege amevaa sweta jepesi, koti lake amelitundika mkononi.

"Karibu, Shemeji," akasema huku akicheka. "Naona umetuletea joto la Dar es Salaam. Vua hayo makoti, leo tuko nyuzi tano juu ya sifuri."

Nikamshukuru Mungu. Lakini nilipomtazama mpwa wangu, kijana wa miaka tisa, niliona kwamba hana raha. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, Mjomba," kisha akaongeza kwa sauti ya chini kama mtu anayeleta habari za msiba: "Mfereji umefungwa."

Uwanja usio na kiingilio

Mfereji aliousema mtoto ni Mfereji wa Rideau. Ulijengwa kati ya mwaka 1826 na 1832, nao unakwenda umbali wa kilomita 202 kutoka Ottawa hadi mji wa Kingston ulio kando ya Ziwa Ontario. Waingereza, waliokuwa wakiitawala nchi hiyo wakati ule, walikuwa wametoka kupigana na Marekani katika vita vilivyoanza mwaka 1812. Walihofia kwamba vita vikizuka tena adui angeukata Mto St. Lawrence na kuwazuilia mizigo yao. Ndipo walipomtuma mhandisi wa jeshi, Luteni Kanali John By, awafungulie njia ya maji iliyojificha ndani ya nchi. Vita havikurudi, lakini mfereji ulibaki, na mwaka 2007 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Katika majira ya joto mfereji huu ni wa mashua na mitumbwi. Chini ya kilima cha Bunge yako malango manane ya maji yaliyopangwa mfano wa ngazi, na hadi leo wafanyakazi huyafungua kwa nguvu za mikono wakizungusha winchi za chuma. Lakini sifa yake kubwa ni ya majira ya baridi. Tangu Januari mwaka 1971 sehemu inayopita katikati ya mji, yenye urefu wa kilomita 7.8, hugeuzwa kuwa uwanja wa kuteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma. Mwaka ule wa kwanza wafanyakazi waliisafisha barafu kwa mafagio na sepeto. Leo zipo mashine, lakini jambo moja halikubadilika: hakuna kiingilio.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa huzuni ya mpwa wangu. Katika nchi ambayo mtu angeweza kujifungia ndani miezi minne, mfereji ulioganda ndio baraza la mji. Karani huenda kazini akiteleza, mkoba mgongoni. Mama husukuma kigari cha mtoto. Wazee huenda polepole wakiwa wameshikana mikono, na vijana huwapita kama mishale. Kando yao huuzwa kakao ya moto na andazi bapa la kukaangwa lililonyunyiziwa sukari na mdalasini. Kwa kulinganisha na kwetu, ni kama ufukwe wa Coco siku ya Idi, ila watu wote wamesimama juu ya maji.

Barafu hupikwa

Mgeni hudhani kwamba barafu ni jambo la kulala na kuamka. La hasha. Shemeji alinieleza kwamba barafu ya mfereji hupikwa kama pilau: ukiharakisha moto huharibika, na ukifunua chungu mara kwa mara huharibika vilevile. Wakati wa vuli ya huko, maji ya mfereji hupunguzwa. Vibanda na ngazi huwekwa mahali pake. Kisha hungojwa siku kumi hadi kumi na nne mfululizo za baridi iliyo kati ya nyuzi kumi na ishirini chini ya sifuri. Wakaguzi hutoboa mashimo na kupima, kwani barafu haina budi kufikia unene wa sentimita 30 hivi, tena iwe barafu ngumu na safi. Theluji ikianguka juu yake mapema huwa kama blanketi, ikaizuia baridi isipenye. Mvua ikinyesha, kazi ya juma zima huharibika usiku mmoja.

Katika msimu wa 1971 na 1972 watu waliteleza siku 90. Msimu wa 2015 na 2016 walipata siku 18 tu. Halafu yakaja majira ya baridi ya mwaka 2022 kuingia 2023, na kwa mara ya kwanza tangu desturi hiyo ianze mfereji haukufunguliwa hata siku moja. Mwaka huo dada yangu alikuwa amemnunulia mwanawe viatu vyake vya kwanza vya kutelezea. Mtoto alijifunza navyo katika ukumbi wenye barafu ya mitambo, akiungoja mfereji. Mfereji haukuja, mguu nao ukakua. Nilipofika mimi, viatu vile vilikuwa vimetundikwa msumarini, na jozi nyingine mpya ilikuwa chini yake. Mwaka huo wa 2024 mfereji ulifunguliwa tarehe 21 Januari, ukafungwa tena baada ya siku nne. Mpwa wangu alikuwa na mafua siku zote nne.

"Aliahidi atakushika mkono akufundishe," dada yangu aliniambia jikoni. "Tangu Oktoba hana wimbo mwingine."

Jioni ile tulitembea watatu kando ya mfereji. Bendera nyekundu zilikuwa zikipepea. Barafu ilikuwepo, nyeupe na tambarare, na kwa macho ya mtu wa Pwani ilionekana imara kama sakafu ya saruji. Karibu na daraja, hata hivyo, palikuwa na dimbwi jeusi la maji, na bata wawili walikuwa wakiogelea humo bila haraka. Mtoto aliwatazama kwa chuki.

Karibu na malango manane upo msalaba wa jiwe wa kuwakumbuka waliokufa wakati wa ujenzi. Inakisiwa kwamba wafanyakazi wapatao 1,000 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa vibarua kutoka Ireland. Ndugu msomaji, unajua kilichoua wengi miongoni mwao? Malaria. Ndiyo, malaria hiyo hiyo yetu, iliyoenezwa na mbu wa kiangazi katika vinamasi vya nchi inayosifika kwa theluji. Nilisimama pale nikiwa na makoti yangu mawili, nikajiona kwa mara ya kwanza kwamba si mgeni sana.

Wenye mitumbwi washangilia

Msiba wa mmoja ni arusi ya mwingine. Wakati wenye viatu vya makali walipokuwa wakinuna, wapo waliokuwa wakishangilia, nao ni wapenzi wa mitumbwi.

Kaskazini ya mji hupita Mto Ottawa, ambao Waalgonquin, wenyeji wa asili wa bonde hilo, huuita Kichi Sibi, maana yake Mto Mkuu. Una urefu wa kilomita zipatazo 1,270. Mababu wa watu hao walisafiri humo kwa mitumbwi iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa birchi, myepesi kiasi kwamba mtu aliweza kuubeba kichwani kuyazunguka maporomoko. Wazungu waliofuata ngozi za wanyama walijifunza chombo hicho kwao, na hadi leo mtumbwi ni kitu cha fahari nchini humo.

Katika mwaka wa kawaida mto huu hufunikwa na barafu kwa sehemu kubwa, ukaacha wazi mahali penye mkondo mkali tu. Mwaka ule sehemu zilizokuwa wazi zilikuwa kubwa. Jumamosi shemeji alitupeleka Bate Island, kisiwa kidogo kilicho chini ya daraja la Champlain. Hapo mto hupita kwa nguvu juu ya miamba na kufanya wimbi la ajabu: halitembei kama mawimbi ya bahari, bali husimama mahali pamoja na maji ndiyo yanayolipita. Vijana watano walikuwa wakilichezea kwa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vilivyofunikwa juu. Walipinduka chini juu, wakainuka tena kwa pigo moja la kafi, ndevu zao zikidondoka maji. Watu waliokuwa ukingoni walipiga makofi.

Sasa yafaa nikueleze kwamba shemeji yangu ni mzaliwa wa Ukerewe. Alishika kafi kabla hajashika kalamu. Huko Ottawa anao mtumbwi wake, ambao huutumia wakati wa joto na kuuhifadhi gereji wakati wa baridi. Nilimwona akiwatazama vijana wale, nikajua moyo wake umekwisha kuingia majini.

"Shemeji," akaniambia tukirudi, "kesho, Mungu akipenda, nitamtoa huyu mtoto huzuni. Mfereji umemnyima barafu, mimi nitampa mto."

Fundo

Jumapili jua liliwaka. Kipimajoto cha barazani kilionyesha nyuzi sita. Mtumbwi ulikwisha kufungwa juu ya gari, mtoto amevaa jaketi lake la kuokolea maisha, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Dada yangu alisimama mlangoni bila kusema neno, naye ni mtu asiyenyamaza hivi hivi.

Aliyesema ni jirani, mzee wa Kikanada aliyestaafu, ambaye maisha yake yote amepanda mitumbwi katika mto huo. Hakumkataza shemeji. Alimwomba tu lifti ya kwenda naye mpaka mtoni. Tulipofika alimpa kipande cha kamba.

"Unajua mafundo?" akamwuliza.

Shemeji akacheka. Mtu wa Ukerewe aulizwe mafundo! Akafunga moja mbele yetu, akiwa amefumba macho.

"Vizuri. Sasa chovya mikono yote miwili majini mpaka kwenye viwiko, uhesabu dakika tatu, halafu unifungie fundo hilo hilo."

Shemeji akakunja mikono ya sweta, akapiga magoti ukingoni. Dakika ya kwanza alikuwa bado anatania. Dakika ya pili alinyamaza, meno yakiumana. Dakika ya tatu ilipokwisha alitoa mikono iliyokuwa imebadilika rangi, akaishika kamba. Vidole havikumsikia. Alijaribu mara ya kwanza, mara ya pili, kamba ikaanguka mchangani. Mtoto alikuwa anatazama. Nadhani hicho ndicho kilichomchoma zaidi kuliko baridi.

Mzee hakucheka. Alieleza taratibu kwamba ziko tarakimu tatu ambazo kila apandaye mtumbwi wakati wa baridi hana budi kuzijua, nazo hufundishwa na Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba: moja, kumi na moja. Atumbukiaye katika maji ya namna hiyo ana dakika moja ya kuituliza pumzi yake, kwa maana mwili hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, na kama kichwa ki chini ya maji basi huvuta maji. Akiipita hiyo, anazo dakika kumi tu ambazo mikono na miguu itamtii. Baada ya hapo inakadiriwa kwamba imebaki saa moja kabla baridi haijamzimisha fahamu. Tena hesabu hiyo ni ya mtu aliyevaa jaketi la kuelea. Asiye nalo huzama kabla saa haijapita, kwa sababu mikono imekwisha kufa.

"Wale vijana wa jana," mzee akaendelea, "walivaa mavazi ya mpira yasiyopitisha maji mpaka shingoni, glavu na kofia ngumu, nao walikuwa watano. Ninyi mmevaa masweta. Tena tazama ukingo ule."

Tukatazama. Upande wa pili barafu ilikuwa imeshikamana na ardhi kama ubao unaoteleza, ukingo wake umekatika juu ya maji. Hata aliye hodari wa kuogelea angefika pale asipate pa kushika.

Hapo nikaelewa hatari ya baridi iliyopungua. Mwaka wa baridi kali hakuna anayedanganyika: hewa inauma na mto umefungwa. Lakini mwaka kama ule jua hukuita nje, hewa ikakubembeleza, na maji yakabaki vile vile, karibu na sifuri. Ziwa Victoria alilokulia shemeji lina nyuzi karibu 25, na mtu akipinduka humo anaweza kushika mtumbwi wake akapiga mbinja mpaka wenzake wafike. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Shemeji alikuwa ameupima wingi, hakuwa ameupima ubaridi.

Tulirudi na mtumbwi wetu ukiwa mkavu. Njiani shemeji alisema neno moja tu, akimwelekea mwanawe: "Mei." Mtoto akaitikia, "Ndiyo, Baba."

Ghala la theluji

Hata hivyo jirani alituonya kwamba si lazima Mei iwe njema. Theluji ya milimani na misituni ndiyo ghala la mto. Hukusanyika miezi yote ya baridi, kisha huyeyuka kuanzia Machi na kuujaza mto kwa majuma mengi, na hapo ndipo wapenda mbio za maji hupata msimu wao mkubwa. Theluji ikiwa haba, au ikiyeyuka kidogo kidogo katikati ya Januari, mto hufika Mei ukiwa umekwisha kula akiba yake. Ikiwa nyingi mno na mvua ikaikuta, huleta gharika, kama zile za mwaka 2017 na 2019 zilizoingia katika nyumba nyingi za bonde hilo. Kwa hiyo mwenye kayaki aliyeshangilia Februari huenda akawa anacheka kwa mkopo.

Majira hayo, kuanzia Desemba 2023 hadi Februari 2024, ndiyo yaliyokuwa na joto kubwa kuliko yote nchini Kanada tangu kumbukumbu za taifa za majira zianze kuwekwa mwaka 1948. Wastani ulizidi ule wa kawaida kwa nyuzi zaidi ya tano. Wataalamu walitaja sababu mbili kuu: kuongezeka kwa joto la dunia kunakotokana na kuchoma makaa na mafuta, na El Niño, yaani kupata joto kusiko kwa kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki. Neno hilo si geni kwetu. Ni El Niño hiyo hiyo, ikisaidiwa na joto la Bahari ya Hindi, iliyotuletea mvua kubwa za vuli ya mwaka 2023, msimu ambao mwezi Desemba tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh na kuua watu wengi. Bahari moja ilipopata joto, huko walinyimwa barafu na huku tulizidishiwa maji. Msiba wetu na huzuni ya mtoto asiyepata kuteleza havipimwi kwa mizani moja, lakini chanzo kiliungana.

Niliondoka Ottawa mfereji ukiwa bado na bendera nyekundu, na makoti yangu mawili nikamwachia shemeji. Haukupita muda mrefu, simu ikalia. Baridi ilikuwa imerudi kwa ghafula na mfereji umefunguliwa kwa siku chache. Kwa jumla mwaka ule ulifunguka siku 10. Mwaka 2025 baridi ilikuwa ya kweli, na watu wakateleza siku zaidi ya 50. Kwa hiyo mfereji haujafa, ila wakazi wake hawauamini tena kama zamani, na kila Novemba hutazama angani kama tunavyotazama sisi.

Kama utajaliwa kufika huko, ndugu msomaji, shika mambo mawili. Bendera ikiwa nyekundu, usikanyage barafu hata kama inang'aa. Na siku ya Februari jua likikuita mtoni, kabla hujashika kafi, chovya kwanza mikono yako.

Katika simu ile mpwa wangu alizungumza haraka haraka, akitweta, kelele za watu zikisikika nyuma yake.

"Mjomba, niko juu yake sasa hivi! Unasikia?"

Akaishusha simu. Nikasikia makali ya chuma yakikwaruza barafu, mara mbili, mara tatu, kisha sauti ikaenda mbali.